Sukari ya Haji Bushta

Mama alipiga vigelegele kabla ya kuuliza.

Sikumlaumu. Mwanamke gani wa mji wetu wa Asfi angemwona kijana amesimama mlangoni pake Jumapili alasiri, jilaba, kanzu yake nyeupe ya kofia, imenyooshwa pasi, amekumbatia mapande mawili ya sukari ya koni katika karatasi yake ya buluu, halafu akae kimya? Na kijana mwenyewe ni Miludi, ambaye mtaa mzima ulijua kwamba ananipenda. Jirani yetu Khnata, mwenzangu wa kiwandani, mwanamke asiyepitwa na jambo, alikuwa darini akianua nguo. Akavidaka vigelegele vya mama na kuvitupa mtaa wa pili.

Mimi nilikuwa jikoni nikipoza supu ya Saadia, dada yangu. Niseme kweli, moyo ulinilipuka kwa furaha. Nilisahau kwamba dada yangu amelala nyuma ya pazia akiwa amefungwa bandeji toka vidole hadi usoni. Nilisahau kwamba nanuka sadini, harufu ambayo sisi wanawake wa viwanda vya samaki tunaoga nayo na kulala nayo. Nilijua jambo moja tu, kwamba Miludi amekuja, tena na sukari.

Nikachungulia. Akaniona, akatazama chini.

Miludi hakuwa mtu wa kutazama chini mbele yangu. Miaka yote ile kiwandani, akiwa nyapara wetu, macho yake yalikuwa yakinitafuta mezani miongoni mwa wanawake wanaokata vichwa vya samaki, yakinipata yanatulia. Alikuwa akipita nyuma yangu ananichomekea kijiti cha nanaa kwenye aproni, nipate cha kunusa. Hasemi kitu. Wenzangu wanacheka, nami shingo inaniwaka moto mpaka kengele ya chakula. Mtu wa namna hiyo akitazama chini, kuna jambo.

Ndipo nilipogundua kwamba yuko peke yake. Kwetu hakuna anayekwenda kuposa peke yake. Huja na mama, shangazi na wazee wawili watatu, pamoja na maziwa na tende.

"Karibu, mwanangu, karibu!" Mama alikuwa tayari anafuta machozi. "Lalla Batul yuko wapi? Bado anakokota miguu yake kwenye ngazi?"

"Mama hakuja, Lalla Tamu." Lalla, yaani Bibi, ndivyo alivyomwita mama siku zote.

"Hakuja? Bado ananuna? Mwambie hata mama mkwe wangu alinuna nilipoolewa mimi, ikaisha."

Mama yake Miludi alikuwa na sababu yake ya kununa, na aliitangaza hadi hamamu, kwenye bafu la mtaa: mwanawe, nyapara, hawezi kumwoa binti wa kukata vichwa vya samaki. Kama kwamba mwanawe alikuwa akinuka waridi.

"Sitoki nyumbani," Miludi alisema. "Natoka kwa Haji."

Khnata alikuwa bado anapiga vigelegele. Mama akatoa kichwa nje.

"Wewe! Nyamaza huko juu!"

Kwetu Haji ni mmoja tu, Haji Bushta mwenye kiwanda. Nikatoka jikoni na bakuli mkononi, maana sasa nilikwisha kuelewa, na furaha yangu yote ilikuwa imegeuka kitu kingine ambacho sikukijua jina.

Sukari ile ile kwetu huenda harusini, huenda matangani, na huenda kwa mtu uliyemkosea. Mkosaji akikuletea, nawe ukaivunja na kuitia kwenye chai, umesamehe. Umesamehe, na mdomo wako umefungwa. Ukisema tena jambo lile, watu watakutemea mate wewe, si yeye.

"Haji Bushta amekutuma," nilisema.

"Haji anawapa pole."

"Pole ya nini? Aseme."

"Mahjuba..."

"Pole ya nini, Miludi? Dada yangu aliteleza bafuni?"

"Hebu mwache mgeni akae," Mama alisema. Alimvuta Miludi mpaka kwenye godoro la wageni, akazipokea zile sukari, akaziweka kwenye sinia katikati ya chumba. Hapo zikakaa, sisi watatu tumezizunguka tukizitazama.

"Haji anasema," Miludi alianza, "gharama zote za hospitali ni zake. Na Saadia atapata posho kila mwezi, maisha yake yote. Kesho mkaguzi wa kazi anakuja kiwandani. Atauliza. Haji anaomba tu isemwe kwamba Saadia alifungua tanuri la samaki kabla ya mvuke kuisha. Kwamba alikuwa na haraka. Haraka siyo kosa kubwa, Lalla Tamu. Hakuna atakayemshtaki."

"Alikuwa na haraka," nilirudia.

"Ni maneno tu."

"Mlango ulijifungua wenyewe, Miludi. Komeo liliruka. Wanawake kumi wameona. Ule mlango ulikuwa ukihema tangu majira ya baridi, tukikuambia, na wewe ukaufunga kwa waya."

Alikunja mikono yake mapajani. Mikono mizuri, ya mtu wa kazi. Nilikuwa nimeiota mikono ile.

"Nilimwambia Haji," alisema kwa sauti ndogo.

"Lini?"

"Mlipolalamika. Nilikwenda ofisini kwake nikamwambia, Haji, komeo la tanuri la mvuke limekwisha. Akasema tungoje msimu uishe, samaki ni wengi. Akanikunjia uso."

"Halafu?"

"Halafu nikatafuta waya."

"Mara moja! Ulimwambia mara moja, akakunja uso, ukatafuta waya!"

"Ulitaka nifanye nini?" Sasa alininyanyulia macho, na yalikuwa mekundu. "Mimi siyo bosi, Mahjuba. Mimi nafuata. Baba yangu alikuwa mfuasi wa baba yake Haji, akafa akisifiwa msikitini kwamba hakuwahi kumjibu bwana wake. Hiyo ndiyo kazi niliyofunzwa. Mkubwa anasema, unafanya."

"Hata sisi tunafuata. Ulisema hamisheni kreti, tukahamisha. Ulisema zamu ya pili, tukabaki, watoto wakalala njaa. Lakini palipoharibika, tulikuja tukakuambia. Tukaja tena. Tukaja mara ya tatu, Khnata ukampiga marufuku mlangoni siku nzima kwa sababu ya mdomo wake. Kumfuata mtu ni kumshika nguo akienda kutumbukia, Miludi. Wewe ulimshika Haji mkono mkaenda naye, na aliyetumbukia ni dada yangu."

"Mahjuba, basi," Mama alisema.

"Nani aliyemweka Saadia pale tanurini?" nilimuuliza. "Alikuwa mezani na mimi."

Aliitazama sukari.

"Jibu."

"Mimi. Pale hakuna baridi. Malipo ni mazuri kidogo. Nilimweka pale kwa ajili yako. Nilitaka... nilidhani utafurahi."

Mungu wangu. Nilikumbuka siku ile Saadia alivyonipungia mkono kutoka upande wa tanuri, amefurahi, vidole vyake havina tena damu ya samaki. Nilikumbuka nilivyomtazama Miludi jioni ile getini, na macho yangu yakamwambia ahsante. Bakuli lilinitoka mkononi, supu ikamwagika kwenye mkeka, na hakuna aliyeinama kufuta.

Miludi alisogea mbele akapiga magoti, karibu na sinia. Aliongea haraka sasa, kama mtu aliyejifunza maneno njiani na anaogopa kuyasahau.

"Nisikilize. Nimelifikiria. Haji ameniahidi, mambo haya yakipita nitakuwa meneja wa kiwanda kizima. Nikiwa meneja mama yangu hana la kusema tena. Na nikiwa meneja komeo litabadilishwa, Mahjuba, naapa, na mengine yote mnayoyataka. Wanawake wawili wa kuwasemea kila asubuhi, kama mlivyoomba. Nitayafanya yote kutoka ndani. Nipeni nafasi tu." Akageuka kwa Mama. "Lalla Tamu, hii sukari... Haji ameituma kwa lake. Lakini mimi ndiye niliyeibeba. Naomba iwe ya yote mawili. Namposa binti yako."

Mama alifunika mdomo kwa ncha ya kitambaa.

Nimesikia wanawake wakisimulia siku waliyoposwa. Wanasimulia wakicheka, wanaongeza chumvi. Mimi siku yangu ndiyo ile, na nilimpenda yule mtu aliyepiga magoti, nampenda kuliko nilivyokuwa nimempenda wakati wowote, na nilitamani kumkamata kola nimtoe nje.

"Unaniposa kwa sukari ya Haji," nilisema.

"Nitanunua nyingine! Kesho nitanunua kumi!"

"Unaniposa kwa ngozi ya dada yangu."

"Mahjuba!" Mama alinishika mkono akanivuta kando, ingawa chumba chetu hakikuwa na kando. Alininong'oneza kwa ukali, mate yake yakanirukia. "Wewe una akili? Nani atatulisha? Baba yako yuko kaburini. Saadia hatashika tena kisu, hatashika hata kijiko. Nani atamtaka sasa, na uso ule? Posho kila mwezi! Na wewe unapewa mume, mtu anayekupenda, meneja! Unataka nini tena, tufe na haki yetu mkononi?"

"Mama, wanawake wamenichagua mimi niseme kesho. Mbele ya mkaguzi. Nyumba yetu ikiivunja hiyo sukari, midomo yote imefungwa. Siyo yangu tu. Na mlango unabaki vile vile, anawekwa mwingine pale."

"Awekwe! Si wangu!"

Alisema hivyo, mama yangu, aliyekata samaki katika kiwanda kile kile mpaka mgongo ukapinda. Alisema kisha akashtuka mwenyewe. Lakini hakuyarudisha maneno. Alikwenda kwenye kabati akatoa nyundo ndogo ya shaba ya kuvunjia sukari, ile aliyoletewa na mama yake siku ya harusi yake, akakaa mbele ya sinia.

"Mama, usivunje."

"Nikiacha tutakula nini? Niambie, binti msema kweli. Niambie nami niache."

Nilimtazama Miludi anisaidie, mazoea yalivyo, na yeye alikuwa amemtazama Mama, mkono wake umeinuliwa nusu, hajui kama ni wa kumzuia au wa kumwombea aharakishe.

Ndipo pazia lilipotikisika.

"Mama." Sauti ya Saadia ilikuwa imebadilika tangu mvuke umwingie kooni. Ilikuwa kama ya mwanamke mzee. "Vunja."

"Mwanangu, umeamka?"

"Sijalala. Nimewasikia wote, toka vigelegele." Alipumua. Tulikuwa tunazisikia pumzi zake, moja moja. "Vunja, Mama. Semeni nilikuwa na haraka. Si kitu. Mimi nimekwisha haribika, Mahjuba bado. Mmoja wetu aolewe."

Mama akaiinua nyundo. Machozi yalikuwa yakimdondokea mapajani, hayafuti.

Miludi akaushika mkono wake.

Hakuushika kwa nguvu. Aliushika kama mtu anavyoshika mkono wa mama yake mwenyewe, akaitoa nyundo vidoleni na kuiweka chini.

"Nilidhani amelala," alisema. Alikuwa akiniambia mimi. "Naapa, nilidhani amelala."

"Na angekuwa amelala?" nilimuuliza.

Alifikiri. Nampa sifa hiyo, alifikiri kweli.

"Ningeiacha ivunjwe," alisema.

Alisimama, akazibeba zile sukari zote mbili kifuani kama alivyokuja nazo. Mlangoni aligeuka, akaongea kuelekea pazia, si kwangu.

"Saadia, dada yangu. Hukuwa na haraka."

Mama alianza kulia kwa sauti, na kule darini Khnata, ambaye bila shaka alikuwa amelala kifudifudi sikio ukingoni, hakuthubutu hata kukohoa. Nilisikia viatu vya Miludi vikishuka ngazi. Kila kitu ndani yangu kilitaka kumkimbilia. Nilipiga magoti nikafuta supu.

Asubuhi yake mkaguzi alikuja, mtu mfupi mwenye miwani, amechoka kabla ya kuanza. Haji Bushta alimpokea na chai na maandazi ya lozi. Kisha tukapangwa sote mbele ya tanuri, tumevaa aproni safi tulizopewa asubuhi ile ile, na Haji akasimama ametulia mno, maana alimwona Miludi pembeni yake na aliamini kazi imekwisha. Yule mwoga hakuwa amemwambia kwamba sukari ilikuwa imerudi naye. Ilikuwa chini ya kitanda chake.

Nilikuwa nimejiandaa. Usiku kucha nilikuwa nimeyapanga maneno. Lakini mkaguzi alipouliza, "Kuna aliyejua kwamba komeo hili ni bovu?" na mimi nikapiga hatua, Miludi alikwisha kusema.

"Mimi nilijua. Mimi ndiye niliyefunga waya."

Haji alicheka. "Miludi, mwanangu, umechanganyikiwa. Hukulala?"

"Nilikuja ofisini kwako, Haji. Nilikuambia. Ulisema tungoje msimu uishe." Alimwita Haji kwa heshima ile ile ya siku zote, wala hakumnyooshea kidole. "Ningepaswa kukuambia tena. Ningepaswa kuja kila siku mpaka unifukuze. Nisamehe kwa hilo. Sikukutumikia vizuri."

"Mshenzi wewe! Baba yako angekuona!"

"Angeniona, Haji."

Nikasema na mimi. Khnata akasema, akaongeza na yasiyoulizwa. Tukasema karibu wote, na mkaguzi akaanza kuandika kwa bidii. Nilimtazama Miludi kwa kiburi na mapenzi, mjinga mimi, nikidhani kwamba ukisema kweli basi jambo limekwisha.

Polisi walikuja mchana. Waliondoka na Haji na Miludi katika gari moja. Haji alikuwa amerudi kabla ya sala ya alasiri, maana yeye alisema hakuambiwa kitu na nyapara wake, na ofisini siku alipoambiwa walikuwa wawili tu. Miludi alikuwa amekiri waya mbele ya watu wote. Waya ulikuwepo, na aliyeufunga amejitaja. Hawakuhitaji mwingine.

Mlango ulitengenezwa juma lile lile, kwa amri ya mkaguzi. Komeo jipya, na kipimo cha mvuke chenye mshale mwekundu. Kila asubuhi sasa wanawake wawili wanaingia ofisini kwa meneja, mgeni aliyeletwa kutoka Agadir, wanasema yetu, naye analazimika kuwasikiliza. Tulipata tulichokitaka. Posho ya Saadia hatukuipata. Mama anasuka mikeka tena na hasemi na mimi ila kwa lazima.

Nilikwenda kwa Lalla Batul, mama yake Miludi. Nilijua atanifukuza, lakini sikuwa na kwingine kwa kuulizia. Alifungua mlango akanitazama kuanzia miguuni.

"Ulimtaka mwanamume anayesema," alisema. "Haya, amesema. Umeshiba?"

"Nataka kujua siku ya kumwona gerezani, Lalla."

"Kwa jina gani? Wewe ni nani wake?"

"Aliniposa."

"Kwa sukari ipi?"

Aliniacha nimesimama pale juani, majirani wakipita wakinitazama. Mwisho aliingia ndani akatoka na kapu: mkate, zeituni, mayai ya kuchemsha, chupi na soksi zilizokunjwa. Alinisukumia kifuani.

"Jumatano," alisema. "Miguu yangu haiwezi ile njia. Na usimwambie nimelia."

Jumatano nikaenda. Walinipekua, wakavunja mkate vipande, wakanipitisha kwenye chumba kirefu chenye wavu katikati, wake za watu wakipiga kelele upande huu na waume upande ule. Alikuwa amekonda. Walikuwa wamemnyoa. Macho yake yalinitafuta katika wanawake wale wote, yakanipata, yakatulia, nami nikashika wavu.

"Mama hajambo?" aliuliza.

"Hajambo. Mzima kabisa."

"Saadia?"

"Anakaa sasa. Anakula mwenyewe, kidogo."

"Na mlango?"

"Umetengenezwa. Komeo jipya. Meneja mpya anasikia, tukimwambia."

Alitikisa kichwa polepole. Midomo yake ilikuwa imekauka. Nilitaka kumwambia kwamba nitamngoja, miaka yoyote watakayompa, lakini alikuwa bado ana jambo.

"Nani anasimama pale siku hizi? Tanurini?"

"Mimi."

Akalia. Mbele ya askari, mbele ya wake za watu, alilia bila kujificha uso, nami nikamwacha alie, kwa sababu sikuwa na neno la kumfariji ambalo lingekuwa la kweli.